Odasiti ya Kupeleka Mtungi Msibani

Mjukuu wangu Felista alikuja likizo kutoka chuoni Dar es Salaam na neno la Kizungu mdomoni, analimung'unya kama pipi. Kila saa ni odasiti. Jogoo wa jirani akiingia jikoni na kudonoa unga, odasiti. Fundi baiskeli akichelewesha kazi halafu akaomba chai, odasiti. Hata padre alipotangaza mchango wa pili siku hiyohiyo, Felista aliniinamia sikioni nikamkanyaga mguu kabla hajamaliza.

Nikamwuliza tukiwa tunachambua mlenda, "Hilo neno lako maana yake nini, Feli?"

"Bibi, ni ule ukavu. Ukauzu. Mtu anakufanyia ubaya, kesho anakuja mbele yako, anakutazama usoni, anaomba chumvi."

"Sisi tunasema ana macho makavu."

"Ndiyo hiyohiyo. Ila odasiti wakati mwingine unamsifia mtu."

"Sasa ni tusi au ni sifa?"

Akafikiri, jani mkononi. "Inategemea anayelisema amekaa upande gani."

Jibu hilo limenikaa. Ninyi vijana wa kikundi cha ufinyanzi hapa Kwihara mmeniomba niwaandikie mambo ya kazi, kwa kuwa mimi sasa mikono imekufa ganzi na sifinyangi tena. Mimi niliishia darasa la nne, herufi zangu ni kubwa kama mihogo, mtanivumilia. Nitawaandikia vyungu, lakini neno la Felista litaingia humo, maana kazi yetu hii ina woga tangu shimoni mpaka motoni, na mwenye woga ndiye anayeujua ukavu wa macho ulivyo.

Tuanze na shimo. Udongo mzuri uko kule bondeni, chini ya ule mweusi wa juu. Ukichimba usijiingize chini ya ukingo kama panya. Mwashi binti Kapaya alifanya hivyo, ukingo ukamwangukia ukamfunika mpaka kifuani. Tulimchimbua kwa majembe huku anatutukana tusije tukamkata miguu. Alitoka mzima, lakini hakurudi tena bondeni. Tangu siku ile alinunua udongo kwetu na kulalamika kuwa hatuchagui vizuri.

Udongo ukishafika nyumbani, utoe mizizi na vijiwe, uloweke, uukande kwa miguu, halafu changanya na vigae vya zamani vilivyotwangwa. Msivitupe vyungu vinavyovunjika. Chungu kilichokufa ndicho kinachokipa nguvu kinachozaliwa. Aliyenifunza hayo ni mavyaa wangu, Kabula, mama wa marehemu mume wangu. Kabula hakuwa mtu wa maneno. Vyungu vyangu vya kwanza nilivianika juani, nina haraka ya bibi harusi anayetaka kusifiwa, na vyote vikapasuka. Yeye hakugomba. Jioni alinipakulia ugali juu ya kigae.

"Kula kazi yako," akasema.

Tangu hapo nikajua kuwa chungu kinakauka kivulini, polepole, na unakigeuza kama mtoto mchanga.

Macho makavu ya wateja nayo mtayaona sana. Anastazia mke wa Masanja alinirudishia chungu kimepasuka kati. Nikachungulia ndani, nikaona kitu cheusi kimeganda.

"Stazia, ulipika nini humu?"

"Mlenda."

"Mlenda gani mweusi, unanuka kama barabara mpya?"

"Ah, nawe bibi! Mume wangu aliyeyusha lami kidogo ya kuzibia bati. Kidogo tu. Nipe kingine, maneno mengi ya nini?"

Nikampa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na mtu aliyekuchekesha hivyo utamnyimaje chungu? Hiyo ndiyo odasiti nyepesi, ya nyumbani. Iko nyingine.

Sasa sikilizeni habari ya moto, maana hapa ndipo yote yalipotokea. Unapanga vyungu juu ya magome ya miti, unajaza kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, unafunika kwa majani makavu. Ukiwasha, unakaa upande upepo unakotoka, lakini upepo hauna adabu, utageuka tu ukufuate. Moshi ule wa kinyesi unakula macho. Yangu yalianza kuwa mekundu nikiwa bado kijana, na hayakurudi kuwa meupe. Na huku kwetu, wajukuu zangu, mnajua macho mekundu ya bibi kizee yanavyosomwa kuwa ya mchawi. Nyanzala binti Sizya alikuwa mpika pombe upande wa pili wa kilima. Macho yake na yangu yalikuwa sawasawa. Alivyokufa sitaandika. Jina lake nimeliandika ili mjue alikuwepo.

Kabula alinipa sheria moja ya moto, naye alipewa na mama yake. Moto ukishapanda, mfinyanzi hasemi na haitikii salamu. Anayepita anatupia kijiti kimoja pale pembeni, hiyo ndiyo salamu yake, anakwenda zake. Moto ukishashuka, mfinyanzi anamfuata mtu yule mpaka kwake na kumwitikia. Wazee wote hapa walijua hivyo. Mimi nilidhani ni kwa sababu chungu kinachotaka kupasuka hulia kwanza, ti, kidogo sana, na ukiwa unapiga soga hutasikia, hutakiwahi. Kabula yeye alisema moto una wivu. Nilishika sababu zote mbili.

Miaka michache iliyopita, mwishoni mwa kiangazi, nilikuwa nachoma. Nilikuwa nimeshakuwa mjane, naishi peke yangu, mwanangu Mhoja yuko Nzega na mkewe na huyu Felista. Njia ya kwenda zahanati inapita uani kwangu. Akatokea Skola, mke wa jirani yangu Mihayo, mtoto wake Shija kamfunga mgongoni. Skola alikuwa ameolewa kutoka Tabora mjini, hajakaa miaka mingi huku.

"Shikamoo bibi."

Moto ulikuwa juu kabisa. Nikanyamaza.

"Bibi, shikamoo."

Nikageuza kichwa. Nikaona shingo ya Shija imelegea na midomo imekauka, nikashtuka. Nilikuwa nimeshika kijiti changu cha kuchokolea moto, ncha yake inawaka. Nikakinyoosha kuelekea njia ya zahanati, namaanisha wahi, mwanangu, wahi, usisimame hapa kunisalimia mimi. Yeye alikuwa ameshageuka kuondoka. Kwa hiyo kijiti kilinyooka kwenye mgongo wake, na mgongoni alikuwepo Shija.

Moto uliposhuka nilinawa miguu nikaenda kwake kumwitikia. Mlango umefungwa. Bado wako zahanati, wakaniambia majirani. Nikarudi.

Kesho yake asubuhi nikasikia kilio. Nikajifunga kitenge niende, kama ninavyokwenda misiba yote. Kabla sijatoka akaingia Agatha, rafiki yangu tangu tulipokuwa tunacheza pamoja, anahema.

"Mama Mhoja, unakwenda wapi?"

"Si huko kwa Mihayo. Mtoto kafariki, husikii?"

"Vua hicho kitenge. Usiende."

"Kwa nini?"

"Skola anasema alikusalimia mara mbili ukamnyima jibu. Anasema ulimnyooshea mtoto kijiti cha moto. Hawajafika mbali degedege likamshika Shija."

Nikakaa kitandani. "Agatha, nilikuwa nachoma."

"Mimi najua ulikuwa unachoma! Yule ni mtoto wa mjini, nani alimwambia mambo ya kuchoma? Na Katambi keshakwenda kwa mganga."

Katambi ni mdogo wake Mihayo. Kijana mrefu, mpole, mchoma mkaa. Alimpenda Shija, alikuwa akimbeba kwenye baiskeli kila mahali.

"Mganga kasemaje?"

"Hakutaja jina. Kasema ajuza mwenye moto."

"Ajuza yupi hana moto? Tunapika kwa mbalamwezi?"

Agatha hakucheka. Alikuwa akitazama macho yangu, halafu akajizuia kuyatazama. Rafiki yangu wa utotoni. Hapo ndipo woga ulipoingia, wajukuu zangu, ukaingia kwa mlango wa mbele ukakaa.

Nikampigia Mhoja simu. Akaniambia, "Mama, panda basi sasa hivi. Usifunge hata nyumba."

"Nikikimbia watasema nimekiri."

"Waache waseme! Mama, si unajua wanachofanya?"

"Najua, baba."

"Basi njoo." Nikamsikia analia, mtu mzima, mchimbaji wa dhahabu, analia kwenye simu na mashine zinanguruma nyuma yake.

Nikafunga mfuko. Kanga mbili, rozari, sahani yangu ya bati. Kila mtu aliyepita njiani nilisikia miguu yake kama inakuja kwangu. Na vyungu vya jana vilikuwa uani, vimepoa, vimetoka vizuri kuliko siku zote. Kati yao mtungi mmoja wa shingo ndefu, mwekundu, nikiugonga kwa ukucha unalia kama kengele ya kanisa dogo.

Mnajua desturi ya mtungi wa msiba. Kwenye kitongoji chetu maji ya wafiwa hayanywewi kwenye ndoo. Mfinyanzi huleta mtungi mpya kutoka moto wake wa mwisho, anaubeba mwenyewe kichwani umejaa, na haulipiwi. Moto wangu wa mwisho ulikuwa ule. Nikipeleka mtungi, watasema kaja kuitazama kazi yake. Nisipopeleka, watasema dhamiri imemshika. Nikienda Nzega, nitakuwa mchawi aliyekimbia, na huko pia kuna watu wenye simu. Nilitafuta njia ya nne nikaikosa. Basi nikakaa juu ya ule mfuko nikaogopa vizuri, mpaka woga ukachoka kidogo, nikainuka nikauosha mtungi.

Nilipomsimulia Felista hapa alipiga makofi. "Bibi, odasiti hiyo!" Nikamwambia, mama, hata kule walilisema neno lako, kwa Kiswahili, ila hawakupiga makofi.

Nikajaza maji bombani. Watoto waliokuwa wakichota wakaacha ndoo zao wakaondoka. Nikapandisha mtungi kichwani peke yangu, kwa magoti, nikashika njia inayopita katikati ya miti ya ua, ile minyaa. Maji yakanimwagikia mgongoni na nikashukuru, maana jasho na maji mtu hatofautishi.

Kwa Mihayo wanaume walikuwa upande wa barabara wanapasua kuni za msiba. Katambi alikuwa na panga, anachonga kigogo. Aliponiona panga likasimama. Wote wakaacha kupasua, mmoja baada ya mwingine, nikapita mbele yao nasikia viatu vyangu tu.

Wanawake walikuwa wamekaa kwenye mikeka, Skola katikati, kichwa wazi. Sauti ikatoka nyuma:

"Mwoneni alivyo na macho makavu!"

Nyingine ikasema, "Kaja kuonja machozi."

"Na mtungi kabeba! Hana haya huyu bibi!"

Ninyi mnaobeba mnajua, mtungi uliojaa hujitui peke yako. Anakuja mtu anashika upande mmoja, mnashusha pamoja. Hata adui yako anakutua kwanza, ugomvi baadaye. Nikasema, "Nitueni, wanangu." Hakuinuka mtu. Nikasimama pale juani, shingo inatetemeka, mtungi nao unatetemeka, maji yanaruka ukingoni. Nikajua nikiuangusha nimekwisha. Mtungi wa msiba ukivunjika kwenye mikono ya anayeshukiwa, huhitaji tena mganga.

Sikuwa nimepanga la kusema. Nikasema lililokuwepo.

"Skola. Ulinisalimia, moto ulikuwa juu. Nilikuja kwako kukuitikia, sikukukuta. Nimekuja tena. Marahaba, mwanangu."

Akainua uso. Macho yake siku ile yalikuwa mekundu kuliko yangu.

"Marahaba ya nini sasa, bibi?"

"Yako. Ilikuwa kwangu, nimeileta."

"Ulimnyooshea mwanangu moto."

"Nilikunyooshea njia. Nilimwona alivyolegea nikaogopa. Nilikuwa nakuambia uwahi."

"Si ungesema!" Alipiga kelele mpaka wale wanaume wakasogea. "Una mdomo! Si ungesema!"

Ninyi mnaochoma leo, sheria ya Kabula ishikeni, inaokoa vyungu vingi. Lakini akipita mtu mwenye mgonjwa mgongoni, semeni. Acheni chungu kipasuke.

Katambi alikuwa ameshafika ukingoni mwa mkeka. Nikamwona kwa pembe ya jicho, sikuweza kugeuza kichwa kwa ajili ya mtungi. Niliona mkono na panga, uso sikuuona. Nikasema moyoni Mama Maria, kama ni hapa, basi na iwe haraka.

Ndipo Skola akainuka. Alikuja mpaka mbele yangu, karibu, nikasikia pumzi yake. Akanitazama machoni, jicho hili, halafu hili, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Halafu akashika mtungi upande wake.

"Chuchumaa," akasema.

Tukachuchumaa pamoja, tukautua.

Hakusema amenisamehe, wala kwamba ameniamini. Labda mikono yake tu ndiyo iliyoshindwa kumwona mwanamke mzee amesimama chini ya mzigo. Akanionyesha pembeni ya mkeka kwa kidevu, nikakaa. Agatha, ambaye alikuwa amenifuata kwa mbali, akaja akachota maji, akanywa kikombe kizima, akateremsha kwa sauti kama ng'ombe mtoni ili kila mtu asikie. Wawili watatu wakanywa baada yake. Wengine walikaa na kiu yao mpaka tulipomzika Shija, na sikuwalaumu.

Jua lilipoanza kushuka nikainuka kuondoka. Nilikuwa nimeshaona wapi nitapita, penye nyumba za watu. Nikasikia nyayo nyuma yangu. Katambi, panga mkononi bado.

"Bibi. Shemeji kasema nikusindikize."

Nikamtazama Skola kule mkekani. Alikuwa ameinamisha kichwa. Sikuweza kujua kama kweli kamtuma, na kama kamtuma, kamtuma kufanya nini.

Njia ya kunisindikiza ni ile ya minyaa, imefunga pande mbili, wajukuu zangu. Mtu akipiga kelele mle husikii. Nilisimama.

"Basi tangulia wewe, baba."

"Mimi?"

"Wewe. Sitaki panga nyuma yangu."

Akalitazama panga kana kwamba kaletewa na mtu sasa hivi.

"Na mimi, bibi, sitaki..." Akaishia hapo. Lakini nilimwelewa, alikuwa anazungumza habari ya macho yangu mgongoni kwake.

Tukabaki pale, mimi na yeye, hakuna anayetaka kumpa mwenzake mgongo. Kuku wakawa wanapanda kulala. Halafu Katambi, mtoto yule mrefu, akapumua kama anayeingia maji ya baridi, akanigeuzia mgongo akashika njia. Shingo yake ilikuwa imekakamaa. Nikaona vinyweleo vimemsimama nyuma ya masikio, na jasho linamshuka, na kila nilipokanyaga jani kavu alishtuka mabegani. Alitaka sana kugeuka na hakugeuka. Nami nikamfuata, hatua zangu fupi, macho yangu mekundu hayabanduki kwenye lile panga, tukaenda hivyo njia nzima mpaka mlangoni kwangu.